Viumbe wa Dunia Nyingine na Sifuri ya Aikande

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya sekondari iliyokuwa juu kidogo ya soko la Mkuu, Rombo, niliingia darasani nikiwa na vipande viwili vya chaki, fuvu la mbuzi na andalio la somo. Andalio, kwa msomaji ambaye hajapata kuwa mwalimu, ni karatasi inayoeleza hatua kwa hatua mwalimu atasema nini na mwanafunzi atafanya nini. Langu lilikuwa limepanga kila kitu isipokuwa maswali ya wanafunzi. Nilipomaliza kueleza kwamba macho ya mbuzi yako pembeni ili amwone adui anayemjia kutoka upande wowote, kijana wa mstari wa nyuma, Tarimo, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na wale wa dunia nyingine huko angani, kama wapo na wana akili kama sisi, macho yao yako wapi?"

Darasa likacheka. Nikajibu kwa ukali wa mtu mwenye cheti kipya: "Hatujui. Kaa chini."

Mkuu wa shule alikuwa akipita barazani. Alinisubiri mlangoni mpaka kengele ilipolia.

"Mwalimu Shirima, nimesikia umemjibu kijana 'hatujui'."

"Ndiyo, mkuu. Ndivyo ilivyo."

"Najua ndivyo ilivyo. Lakini hapo ndipo ulipopaswa kuanza, wewe ukafunga duka."

Kutokana na karipio hilo lilizaliwa somo nililolifundisha mara moja kila mwaka, katika kila shule niliyopangiwa, na ambalo mwishoni nusura liniondoe darasani kabla ya wakati wangu.

Taratibu za somo zilikuwa chache. Mwanafunzi alianza kwa kuieleza dunia aliyoibuni: nguvu yake ya uvutano, mwanga wake, hewa au maji yake. Baada ya hapo ndipo alipomchora kiumbe mwenye akili anayeishi humo. Na kila kiungo kilitajiwa kazi yake. Kisicho na kazi nilikikata kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nikiwaeleza habari za papa, ambaye ni samaki, na pomboo, ambaye hunyonyesha: hawana udugu wa karibu, lakini wamefanana umbo kwa kuwa maji yale yale yamewachonga wote wawili. Jambo hili tuliliita mageuko ya kukutana. Kwa msingi huo twaweza kukisia kwamba hata mbali huko, kiumbe anayekwenda mbele huenda akawa na macho mbele, karibu na mdomo. Kwamba mwenye akili atahitaji kitu cha kushikia, kiwe mkono, mkonga au mnyiri kama wa pweza. Na kwamba atahitaji mwenzake wa kumfundisha. Zaidi ya hapo tunabahatisha, ila tunabahatisha kwa sababu. Somo lilifundishwa kwa Kiingereza, kama taratibu zilivyotaka. Kucheka na kubishana kulifanyika kwa Kiswahili.

Michoro ya kwanza ya Rombo naikumbuka vizuri. Viumbe karibu wote walikuwa na miguu mirefu upande mmoja na mifupi upande wa pili. Nami nilikwisha kusahihisha nusu ya madaftari bila kuona ajabu yoyote, maana nami nilizaliwa kwenye mteremko. Nilipozinduka nikamwita Tarimo.

"Miguu hii kwa nini haikulingana?"

"Asianguke, mwalimu."

"Aanguke kutoka wapi?"

"Mlimani."

"Nani amekwambia dunia hiyo ina mlima?"

Tarimo akanitazama kwa huruma. "Sasa maji yatatoka wapi, mwalimu?"

"Haya. Na kiumbe huyu akitaka kurudi alikotoka, huo mguu mrefu si utakuwa upande wa juu?"

Alifikiri kwa makini. "Harudi nyuma, mwalimu. Anauzunguka mlima wote, anatokea nyumbani kwa upande wa pili."

Nilimpa alama tisa kwa kumi. Ya kumi sikumpa mtu yeyote; niliiweka kwa ajili ya yale tusiyoyajua.

Kutoka Rombo nilihamishiwa Chekereni, tambarare kwenye majaruba ya mpunga. Huko hakuna aliyechora mteremko hata mmoja, ingawa mlima ulionekana dirishani kila asubuhi. Viumbe wao walikuwa na miguu ya korongo na vidole vyenye utando. Nikaandika katika daftari langu kwamba mtu akiambiwa achore dunia asiyoijua, kwanza huichora ya kwao. Mkuu wa taaluma wa pale, yaani mwalimu anayesimamia masomo yote, hakupendezwa.

"Mwalimu Shirima, mtihani unauliza habari za minyoo. Hauulizi wakazi wa angani."

"Wanajifunza jinsi kiungo kinavyooana na mazingira, bwana mkuu."

"Basi wajifunze kwa minyoo. Minyoo wapo."

Nilifundisha minyoo kwa uaminifu, na wakazi wa angani Jumamosi moja kila mwaka.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Masama, katikati ya migomba na kahawa. Mkuu wa shule alikuwa mama mwenye msimamo, mdogo kwangu kwa umri, na alikuwa mtu wa haki. Muhula mmoja aliniita ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mthibiti ubora anakuja wiki ijayo." Huyo ndiye tuliyemwita mkaguzi zamani. "Kuna mzazi amelalamika kwamba kidato cha nne wanachora mazimwi na mtihani uko mlangoni. Mthibiti akiandika vibaya, nitakukabidhi stoo ya vitabu mpaka ustaafu. Sitafurahi, lakini nitafanya."

Mwalimu anayesubiri kustaafu hana cha kupoteza ila darasa lenyewe. Nililala vibaya wiki ile, lakini andalio sikulibadilisha.

Mthibiti alifika. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Moshi mjini, mwenye ushungi mweupe na kalamu mbili. Akaketi dawati la nyuma na azimio langu la kazi, yaani mpango wa masomo ya mwaka mzima, akaniashiria niendelee. Kijana aitwaye Elia alisimama kumtetea kiumbe wake, aliyekuwa bapa kama chapati.

"Uvutano wa kwake ni mkubwa, madamu. Akisimama anavunjika."

"Na chakula anakipataje?" mthibiti akauliza.

"Analala, kinamjia chenyewe."

"Huyo namfahamu," akasema mthibiti. "Ni jirani yangu."

Darasa likaangua kicheko, nami nikaanza kupumua. Ndipo akavuta rundo la madaftari niliyokwisha kuyasahihisha, akafungua moja. Ukurasa ule ulikuwa na ukungu uliopakwa kwa penseli, na katikati yake mstari mmoja ulionyooka wa mimea. Chini yake palikuwa na maandishi yangu mekundu: "Hakuna kiumbe. Sifuri."

"Aikande ni nani?"

Binti mwembamba akasimama. "Ni mimi, madamu. Shikamoo."

"Marahaba. Kiumbe wako yuko wapi?"

"Haonekani, madamu. Dunia yangu ina ukungu mwaka mzima, kama hapa mwezi wa saba. Macho hayafai kitu, na uso wake siujui."

"Sasa umejuaje kwamba yupo, na ana akili?"

"Nimeona masale." Alionyesha ule mstari wa mimea. "Yamepandwa kwa kunyooka. Huku kumelimwa mpaka kwenye masale, na kule vilevile, na hakuna aliyevuka. Kwa hiyo wapo wawili, madamu. Waligombana, wakazungumza, wakaelewana."

"Na kama hawakugombana?"

"Basi hawana majirani, madamu."

Mthibiti hakucheka. Alilifunga daftari taratibu. Kisha akaliuliza darasa maswali ya mtihani: kwa nini majani ya mimea ya jangwani ni membamba, kwa nini popo ana masikio makubwa. Walijibu yote.

Ofisini, mbele ya mkuu wa shule, alisema: "Somo libaki. Wanafunzi hawa wanasema 'kwa sababu' kabla sijamaliza kuuliza 'kwa nini'. Hiyo stoo aliyonitajia mkuu wako sioni kazi yake. Ila sifuri ile nitaiandika kwenye taarifa."

"Madamu," nikasema, "utaratibu wangu ni kwamba lazima kiumbe achorwe."

"Utaratibu wako pia ni kwamba kisicho na kazi kinakatwa. Sifuri ile ina kazi gani?"

Miaka yote niliwacheka watoto wa Rombo kwa miteremko yao, kumbe nami nilikuwa nadai kila mwenye akili awe na uso wa kuchoreka.

Isale, umoja wa masale, kwa asiyelijua, ni mmea ambao sisi Wachagga huupanda mipakani mwa vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani. Jani lake hilo hilo, likifungwa fundo, hubebwa na mtu anayekwenda kuomba msamaha, na anayepelekewa ni vigumu sana kulikataa. Asubuhi iliyofuata nilikata jani mpakani mwa nyumba niliyopanga, nikalifunga, nikaingia nalo darasani. Isale hupelekwa kwa wazee. Wanafunzi hawakuwahi kuona mzee akimpelekea mwanafunzi.

"Aikande," nikasema, "nimekukosea."

Alilipokea kwa mikono miwili. "Isale halikataliwi, mwalimu." Kisha, akiwa bado amesimama: "Lakini halifuti wino mwekundu."

Kicheko kilisikika mpaka jikoni. Nikachukua kalamu, nikakata sifuri, nikaandika tisa.

"Na ya kumi, mwalimu?"

"Ya kumi atakupa yeye mwenyewe, akija."

Nilistaafu nikiwa na chaki mkononi, jambo ninalolishukuru hadi leo. Siku ya kuagwa, kidato cha nne walipanda masale kati ya bustani ya shule na kihamba cha Mzee Swai, ambaye mbuzi wake na mboga zetu walikuwa na mgogoro wa muda mrefu. Aikande ndiye aliyenyoosha kamba. Walimu vijana wanaokuja kunitembelea huniuliza kiumbe mwenye akili wa dunia nyingine atakuwa na sura gani. Nawaambia hatujui, kisha nawaomba wakae, kwa sababu mazungumzo ndiyo kwanza yanaanza.

Mwezi wa saba uliopita nilipita njia ya shule ile. Ukungu ulikuwa mzito, paa la shule halikuonekana, wala mkono wangu mwenyewe nilipounyoosha. Nikapapasa mpaka nikayagusa masale, sasa yanafika kifuani. Nikasimama. Upande wa pili kitu kikajongea.

"Nani hapo?" sauti ikauliza.

"Mwalimu Shirima."

"Ah, mwalimu! Sikuoni."

"Wala mimi sikuoni, Mzee Swai," nikasema. "Lakini nilijua kuna mtu."