Bi Kalenda na Siku Kumi na Nne za Fundi

Saa mbili na nusu asubuhi, muuguzi wa chanjo anasimama mlangoni mwa karakana ya kuchomelea vyuma, kisanduku cha barafu begani. Anangoja fundi avue miwani ya kazi.

"Shikamoo yako ipo, fundi, lakini kwanza kunja mkono wa shati. Leo ndiyo mwisho."

Fundi ana saratani ya tumbo. Madaktari watauondoa uvimbe pamoja na wengu, kiungo kinachousaidia mwili kupambana na vijidudu. Asiye na wengu anaweza kuangushwa na maambukizi kwa siku moja tu. Kwa hiyo huchanjwa walau wiki mbili kabla ya upasuaji, kinga ipate muda wa kujijenga. Zimebaki siku kumi na nne, na fundi ameshakwepa miadi miwili.

"Mkono ukivimba, mageti haya atayamaliza nani?" anauliza. "Na mwili wenyewe umechoka, unauongezea vita vingine?"

"Si vita, ni mazoezi. Mlinzi hafundishwi kazi mwizi akiwa sebuleni."

Wagonjwa humwita muuguzi huyu Bi Kalenda, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa amekuwa akihesabu siku kurudi nyuma kutoka tarehe ya upasuaji. Mwezi uliopita watatu kati ya tisa hawakutokea. Aliwafuata kwa miguu, siku yake ya mapumziko. Wenzake humtania kwamba hata polisi hawasaki watu hivyo.

Hacheki sana akimtaja kaka yake. Kaka huyo naye aliondolewa wengu, upasuaji ukaenda salama, nyumba nzima ikashangilia. Miezi saba baadaye akashikwa na homa jioni. Wakasema watampeleka hospitali kukicha.

"Hatukumfikisha," anasema. "Habari ya chanjo hakuna aliyetuambia. Inaniuma mpaka leo."

Sasa anausumbua uongozi wa hospitali: mgonjwa achanjwe palepale anapopangiwa tarehe, kabla hajatoka mlangoni. "Wamechoka kuniona. Watanizoea."

Fundi anazima mashine. Anakunja mkono wa shati.

"Sindano zote mbili kushoto. Kulia kuna kazi."

Muuguzi anachoma, anaandika kadi, anaishikilia kidogo kabla ya kumpa.

"Chanjo haizuii kila kitu. Ukipata homa, hata ndogo, hata baada ya miaka kumi, unakuja saa hiyohiyo. Umenisikia, baba? Usingoje kukuche."

"Sitangoja, mwanangu," anasema fundi.