Risala ya Bomba Lililovunjwa na Ng'ombe

Sijui kwa nini kina mama wa kijiji chetu huku Kishapu walinichagua mimi. Nimeishia darasa la saba, na hata huko sikung'aa. Labda ni mwandiko. Bomba letu la maji, lile la kupampu kwa mkono, lilikuwa limevunjika, tukawa tunachimba maji kwenye mchanga wa mto. Mgeni rasmi kutoka Shinyanga alikuwa anakuja kufungua darasa jipya, na mimi nilitakiwa niandike risala ya kumwomba bomba litengenezwe, kisha niisome.

Nilijaza kurasa tatu za daftari. Nikaenda kumsomea wifi yangu tukichambua pamba nyumbani kwake. Nilipomaliza nikamuuliza, "Wifi, nimeomba nini?"

Akafikiri. "Mbona umesalimia tu? Umemsalimia mheshimiwa, msafara wake, dereva, watendaji, wazee. Umebakiza mbuzi."

"Maji yapo ukurasa wa tatu."

"Huko utafika na nani? Watu watakuwa wameshaufuata wali."

Iliniuma, lakini alisema kweli. Nikaandika upya. Salamu mstari mmoja. Kisha yale tunayoyaona kila asubuhi: foleni ya ndoo kwenye shimo, kungoja maji yajikusanye, kuchota kwa kikombe. Kisha ombi, kisha asante. Ukurasa mmoja.

Kikabaki kipande kilichonisumbua. Nilikuwa nimeandika kwamba bomba liliharibika kwa uzembe wa viongozi. Si haki. Sisi wenyewe tulipangiana zamu za kulilinda, pamba ilipopasuka tukakimbilia mashambani kuvuna. Ng'ombe wakaangusha uzio wa miiba, wakajikuna kwenye bomba mpaka mpini ukakatika. Na siku ile zamu ilikuwa yangu. Nikawafuta viongozi, nikaandika hayo. Halafu nikaogopa. Je, akisema hatustahili? Nikayakata. Nikayarudisha.

Siku yenyewe mgeni alichelewa. Mshereheshaji akaninong'oneza, "Mama, dakika tatu tu." Kwa risala ile ya kwanza ningeishia kwa dereva. Nikasoma. Kwenye foleni ya ndoo, mgeni akaacha kuangalia simu. Nilipofika kwenye zamu yangu, mgeni akanikazia macho. Nikajua nimewakosesha wenzangu maji.

Ndipo wifi akasimama kule nyuma. "Mheshimiwa, shikamoo! Na mimi niseme. Ng'ombe wenyewe walikuwa wangu!"

Uwanja mzima ukacheka. Mgeni akacheka mpaka akavua miwani. Akamgeukia fundi wa maji aliyekuja naye. "Mwenye zamu tumempata, mwenye ng'ombe tumempata. Umebaki wewe. Lini?"

"Jumatano, mheshimiwa."

Nikamalizia asante yangu kwa Kisukuma, "Wabheja," maana Kiswahili kilikuwa kimenikimbia.

Watu walinisifu sana. Mimi nadhani nusu ya risala ile ni ya wifi, na kile kipande kizuri kuliko vyote hakikuwa hata kwenye karatasi. Fundi naye hakuja Jumatano, alikuja Alhamisi. Lakini alikuja, na maji yanatoka.

Uzio tumeujenga upya. Zamu ya kwanza kina mama walinipa mimi. Ya pili wakampa wifi, wakamwambia, "Wewe unawajua."