Jina Chini ya Bamba

Nilipoanza kazi pale kiwandani, Ofelia Barragán alikuwa tayari mtu aliyechoka. Alikaa ng'ambo ya meza, akinitazama. Kila asubuhi, kabla ya kushika chuma cha kulehemu, aliegemeza uso kwenye viganja vyake kidogo, kisha akajiambia, "Haya, Ofelia, punda afe, mzigo ufike."

Kazi yetu, sisi wanawake wa Kimeksiko tuliokaa upande wa pili wa reli, ilikuwa kufunga nyaya za amplifaya za magitaa. Unapewa bamba la chuma tupu lenye matundu ya taa za kioo za kukuzia sauti. Ukilimaliza limejaa nyaya za manjano na buluu, na kila kiungo umekilehemu kwa mkono wako. Wanaume wapiga magitaa walipigiwa makofi jukwaani, sisi tulipata moshi wa risasi ya kulehemia puani. Mwisho unaandika jina lako kwenye kipande cha utepe wa gundi na kukibandika ndani. Watu wa nje walidhani ni heshima tuliyopewa. Heshima gani! Ilikuwa ili amplifaya ikirudi mbovu, Bwana Haldane, msimamizi wetu, aifungue mbele ya watu wote na kusoma nani wa kulaumiwa. Aliyesomwa mara nyingi alihamishiwa kufungasha, kazi ya msimu tu. Na wanawake watu wazima waliopelekwa huko, Krismasi ikishapita, hawakuitwa tena.

Ofelia hakuweza kuipoteza kazi ile. Mumewe, Ramiro, alianguka kutoka kwenye ngazi ya kuchumia machungwa na mgongo ukaharibika, kwa hiyo nyumba nzima ilikula kwa vidole vya mkewe. Na sasa Ofelia alikuwa ameanza kupata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alificha. Alibandika karibu na taa yake ya mezani picha ya Mtakatifu Lusia, yule aliyeshika macho mawili kwenye sahani, akawa anamnong'oneza kabla ya kila kiungo.

Ubavuni pake aliketi Rosario, dada yake Ramiro, ambaye sote tulimwita Chayo. Mungu anisamehe, sijaona mdomo kama ule.

"Wifi, hiyo ni waya au ni ndevu zako?"

"Ndevu anazo mama yako, na nimempikia miaka yote bila kumcheka."

"Mtakatifu mwenyewe keshakuchoka. Ana sahani nzima ya macho, hata moja hajakugawia!"

Hivyo kutwa. Mchana tukishakula tortila, chapati zetu za mahindi, na maharage, Ofelia alilaza kichwa mezani akasinzia, na Chayo alibaki kuzungukazunguka kwenye rafu ya kazi zilizokwisha. Tulijua tu anachungulia makosa ya wenzake apate la kusema.

Kiungo kibovu kina hila. Risasi huonekana imeshika, amplifaya ikijaribiwa inaimba vizuri, kisha inasafiri, inatikiswa barabarani, na usiku wa dansi inanyamaza. Zilirudi kadhaa mwaka ule. Jina la Ofelia halikusomwa hata mara moja. Lililosomwa ni la Chayo, tena na tena. Ofelia alifurahi, sitaficha. Kila Jumapili alimwashia Mtakatifu Lusia mshumaa, na mezani, wakati wa kula, alilipiza kisasi.

"Sasa, wifi, kipofu nani?"

Chayo aliomba apitishiwe pilipili.

Mwezi wa kumi na moja ikarudi moja kutoka mji wa Bakersfield. Bwana Haldane akaifungua, akasoma.

"Chayo." Akashusha pumzi. "Basi, mama. Jumatatu nenda kufungasha."

Chayo akaanza kukusanya koleo zake. Ofelia akainuka na kuinamia lile bamba, nadhani apate la kumcheka vizuri. Kwa kuwa hakuona vizuri, akapapasa ndani kwa vidole. Ofelia alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na mikia ya nyaya zake ilikunjwa kuelekea upande usio wa mtu mwingine yeyote mle ndani. Mkono ukasimama. Akaukwangua utepe kwa ukucha mpaka ukabanduka. Chini yake kulikuwa na utepe mwingine, na herufi kubwa kubwa zilizopinda, za mtu anayeandika bila kuona: Ofelia.

"Bosi, hii ni yangu."

"Wifi, kaa chini," Chayo alisema.

"Nimesema ni yangu! Nani mwingine wa mkono wa kushoto humu?"

Bwana Haldane alitazama tepe mbili zile, akawatazama wao. Akasema basi Jumatatu aende Ofelia, akaondoka haraka kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

Ofelia akakaa. "Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Nilizowahi mchana nilizirudia kulehemu. Ambazo sikuwahi, nikabandika jina langu."

"Na hukuniambia!"

"Ungelia. Sikupendi ukilia. Tena ukifukuzwa mtahamia kwangu, wewe na kaka yangu na yule kuku wako mwendawazimu. Nani anawataka?"

"Mwaka mzima namwashia mtakatifu mishumaa," Ofelia alisema, "na wewe nakutukana."

"Basi Jumapili hii niwashie mimi. Na uwe mrefu." Chayo akageukia kazi yake, akalehemu kitu ambacho kilikuwa kimeshalehemiwa.

Jumatatu Ofelia alikwenda kufungasha. Krismasi ilipopita hakuitwa. Mwezi wa kwanza haujaisha walihamia kwa Chayo, yeye na Ramiro na yule kuku.