Silanga Niliyoitangaza

Kazi yangu katika ofisi ya habari ya kaunti ilikuwa kujaza uwanja. Nilisoma hadi kidato cha nne tu, lakini nilijua kona ambayo mpiga picha akichuchumaa hapo, watu thelathini wanageuka umati. Taarifa nilikuwa naiandika kabla ya mkutano wenyewe: "Wananchi walijitokeza kwa wingi." Mheshimiwa gavana aliposhindwa uchaguzi, nilitoka mji wa Wote, makao ya kaunti, nikarudi nyumbani, mahali ninapopapenda kuliko popote, nikagundua hatuna maji.

Tulihitaji silanga, lile bwawa dogo la shambani, lichimbwe kabla ya mvua. La sivyo mke wangu angeshuka mtoni na mitungi mwaka mwingine mzima, na alikuwa ameshaniambia mgongo wake haugombei muhula mwingine.

Silanga huchimbwa na mwethya, kikundi cha majirani: leo kwangu, kesho kwako. Nikaandika kwenye kundi lao la simu vile nilivyozoea: "Wanamwethya wote wanaalikwa Jumanne, saa moja asubuhi, kwa uzinduzi wa silanga." Hakuna aliyejibu. Kazini, kimya kama hicho nilikuwa nakiita kuungwa mkono.

Jumanne tukapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wa kutosha watu ishirini. Saa moja, hakuna mtu. Kufikia saa mbili nilikuwa nimeenda langoni mara sita.

"Baba watoto," mke wangu akaita kutoka jikoni, "wamejitokeza kwa wingi?"

"Wako njiani."

"Basi chuchumaa kwenye ile kona yako, labda utawaona."

Saa tatu akaja mama mwenyekiti wa kikundi, peke yake, vumbi hadi magotini.

"Karibu, mwaitu," nikamwamkia, yaani mama. "Wengine wako wapi?"

"Kwa yule mjane wa ng'ambo ya mto. Leo ni zamu yake, tunajua tangu mwezi uliopita. Wewe siku ulimwomba nani?"

"Si nilitangaza?"

"Tuliona. Eti uzinduzi! Utepe angekata nani, mimi?" Akacheka mpaka akashika kiuno. Halafu akaacha. "Miaka yote ulikuwa unakuja hapa na kamera. Jembe lako hatujawahi kuliona. Hujachimbia mtu, unapewaje siku?"

"Na mvua ikinyesha mapema?"

"Si mimi ninayeinyesha. Beba hiyo sufuria. Na jembe."

Mimi na mke wangu tukabeba. Kwa mjane, muthokoi ulipokewa kwa vigelegele. Mimi nikapokewa na, "Msemaji amefika, nyamazeni!" Kufikia saa sita viganja vilikuwa vimetumbuka. Mama mwenyekiti akafungua daftari lake, akaniandika mwisho: Jumanne moja, nyumba moja, na mbele yangu kulikuwa na nyumba kumi na moja.

Upande wa Kitui mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Mke wangu aliyaona pia, na safari hii hakunitania. Nikarudi shimoni, nikachimba mbio mbio, kana kwamba silanga ya mjane ikiisha mapema, zamu yangu itasogea karibu.