Makoti ya Mvua Kambini

Nilipangiwa kazi katika kituo cha afya jirani na Bahi nikiwa na miaka ishirini na tatu, nimetoka chuo cha uuguzi majuzi tu. Mimi ni mtoto wa Dodoma mjini, wa ukoo wa Waislamu waliokuwa wakiuza nguo na chumvi tangu enzi za misafara. Kwetu kila mtu alikuwa mfanyabiashara. Mama mdogo, ndiye aliyenilea, aliuza mitumba sokoni, na siku ya kunisindikiza stesheni alinipa kanga mbili, chandarua na wosia mmoja.

"Huko Bahi kuna mbu na wali," aliniambia. "Wewe kula wali. Mbu waachie wenyewe."

Kituoni tulikuwa watatu. Bwana mganga alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye mwandiko mzuri kuliko mganga yeyote niliyewahi kumwona. Mhudumu wetu alikuwa mama wa Kigogo wa umri wa mama yangu, aliyefanya kazi pale tangu kituo kifunguliwe, na ndiye aliyejua kila nyumba, kila kisima na kila ugomvi. Mimi nikawa nesi. Kila asubuhi nilimwamkia mhudumu shikamoo, naye aliitikia kisha akanieleza nimekosea nini jana.

Mwaka wangu wa pili mvua ilinyesha kupita kiasi. Mbuga ilijaa, majaruba ya mpunga yakawa ziwa moja, na watu walifurahi kwa sababu miaka miwili kabla ya hapo walikuwa wamevuna vumbi. Lakini maji yaliingia kwenye vyoo, yakatoka huko na kuingia visimani. Mwisho wa mwezi wa mafuriko hayo tukampokea mzee mmoja aliyebebwa kwenye kitanda cha kamba, macho yameingia ndani, ngozi ya mikono imekunjamana. Bwana mganga akamtazama mara moja akasema kwa sauti ya chini, "Kipindupindu." Kabla ya jua kuchwa walikuwa wameongezeka wanne.

Tulifungua kambi kwenye ghala la ushirika. Ghala lilikuwa tupu tangu wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kununua mpunga moja kwa moja kwa mkulima. Wanakijiji walileta vitanda vya kamba, tukavitoboa katikati, chini ya kila kitanda tukaweka ndoo. Dripu tulikuwa nazo. Klorini ilikuwepo. Kilichokosekana ni vya kutukinga sisi wenyewe. Glavu zilizokuwa stoo ziliisha kwa siku tatu. Tukawa tunachemsha zilizotumika, tunazianika kwenye kamba kama soksi za watoto, tunazipaka poda na kuzivaa tena mpaka zikachanika vidoleni. Baada ya hapo tulivaa mifuko ya nailoni mikononi na kuifunga vifundoni kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Miguuni nilivaa kandambili.

Bwana mganga aliandika barua wilayani kwa mwandiko wake ule mzuri. Majibu yalikuja na treni: vifaa viko njiani.

Wiki ya pili mhudumu wetu akaanguka. Alikuwa amemwaga ndoo asubuhi nzima, na mfuko wake mmoja ulikuwa umetoboka. Saa saba mchana aliketi chini, akaniambia, "Binti, nitandikie." Nilimtundikia dripu mwenyewe, nikakosa mshipa mara mbili. Yeye akanitazama kwa subira.

"Mshipa uko hapo hapo ulipokuwa jana," alisema. "Usiharakishe."

Tulimwekea chupa baada ya chupa. Siku ya pili akaomba uji. Siku ya tatu alianza kunieleza namna nzuri ya kufagia ghala, nikajua amepona, nikatoka nje nikalia nyuma ya ukuta mahali ambapo asingeniona.

Lakini kijiji hakikulichukulia jambo lile kwa utulivu. Mhudumu yule alikuwa amewazalisha nusu yao. Wanawake waliokuwa wakileta uji kwa wagonjwa walisimama mlangoni mwa ghala wakiitazama mifuko yetu ya nailoni, na maneno yakaanza. Ilikuwa miaka ile ambayo maduka ya Dodoma yalikuwa yamefurika vitu baada ya ukame mrefu wa madukani. Hata dukani kwetu pale kijijini ungepata sabuni ya rangi nne, betri za redio na mafuta ya nywele yenye picha ya mwanamke wa kigeni. "Kila kitu kinauzwa siku hizi," nilimsikia mmoja akisema. "Glavu tu ndiyo wameshindwa kuileta?"

Niliandika barua kwa mama mdogo. Sikuomba kitu. Nilimweleza tu hali yetu, ili kama nikiugua ajue sababu. Barua nilimpa mama mmoja muuza mchele aliyekuwa akipanda treni ya kwenda mjini.

Siku chache baadaye gari la wilaya likaja. Lilisikika kabla halijaonekana, likihangaika kwenye matope, na kijiji kizima kikakusanyika mbele ya ghala. Akashuka ofisa mmoja mnene, mtu wa heshima, amevaa gambuti mpya nyeusi zilizong'aa kama zimepakwa mafuta. Dereva akashusha boksi kubwa. Watu wakapiga makofi. Bwana mganga akachukua kisu, akakata kamba, akafungua.

Ndani mlikuwa na mabango. Mengi sana, mazuri, ya rangi, yenye picha ya mtu ananawa mikono kwa sabuni.

Makofi yakakatika. Kisha bibi mmoja, mke wa yule mzee wetu wa kwanza, akasogea. Alikuwa mfupi, kichwani ana kitambaa chekundu, na Kiswahili alikizungumza polepole kwa sababu hakikuwa lugha yake ya kwanza. Alichukua bango moja, akaligeuza upande huu na upande ule, akalipima kwenye mkono wangu.

"Karatasi hii," alimwuliza ofisa, "binti ataivaaje?"

Watu wakacheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa na hasira. Ofisa akatoa kitambaa akajifuta uso. "Bibi, vifaa vingine viko njiani."

"Njia gani? Reli tunaiona. Barabara umeiona mwenyewe."

"Kuna taratibu, bibi."

"Sawa. Mwaka jana ng'ombe wangu alishindwa kuzaa. Nikamwita bwana mifugo." Akanyoosha mkono kumwonyesha, na bwana mifugo wetu, kijana mrefu aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, akatazama chini. "Alivaa glavu mpaka hapa begani. Kwa ng'ombe. Huyu binti anamshika mume wangu kwa mfuko wa mkate. Nataka kujua tu, wilayani huko ng'ombe ni mkubwa kwa nani?"

Hapo kila mtu alitaka kusema. Wanaume wakauliza kodi ya kichwa inakwenda wapi. Mama mmoja akasema kama mhudumu angekufa, wangeibeba maiti yake mpaka mlangoni kwa ofisa. Bwana mganga alijaribu kutuliza watu, wakamwambia wewe nyamaza, tunakusemea. Ofisa alisimama pale akapokea yote. Kwa haki yake, hakupandisha sauti hata mara moja. Baadaye nilikuja kujua kwamba naye alikuwa ameandika barua za kwake kwenda juu na kujibiwa maneno yale yale.

 Bibi alikuwa anatazama miguu ya ofisa.

"Mwanangu," alisema kwa upole kabisa, "hizo gambuti umevaa za nini?"

"Ni kwa ajili ya matope, bibi."

"Matope yako yapo ndani ya gari?"

Ofisa akatazama gambuti zake. Akatazama kandambili zangu. Kisha akafanya jambo ambalo nadhani hata yeye hakulitarajia: akakaa kwenye ngazi ya ghala, akavua moja, akavua ya pili, akaziweka mbele yangu zikiwa zimesimama pamoja kama askari wawili. Soksi zake zilikuwa za bluu, na ya kushoto ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba.

Safari hii kicheko kilikuwa cha kweli. Bibi mwenyewe alimshika mkono mpaka kwenye gari, akimwonyesha pa kukanyaga. Bwana mifugo hakusubiri mkutano uvunjike. Nilimwona anaondoka mbio kwa baiskeli, na baada ya nusu saa akarudi na boksi lake lote la glavu, zile ndefu za kufika begani.

"Samahani, nesi," aliniambia. "Sikuwahi kufikiria."

Wala mimi sikuwa nimefikiria. Tulizivaa siku hiyo hiyo. Kwa mkono wa mtu mwembamba kama bwana mganga zilikuwa zinapwaya kama suruali, tukazifunga kwa ule mpira wa baiskeli. Gambuti zilikuwa kubwa kwangu, lakini mhudumu alipoinuka kitandani alizijaribu, zikamkaa sawasawa. Hakuzivua tena. Alizivaa kambini, alizivaa kwenda kuchota maji, na nina hakika alilala nazo usiku wa kwanza.

Jumamosi iliyofuata mkuu wa stesheni akatuma ujumbe kwamba kuna mzigo wangu. Nilikwenda na bwana mifugo na mkokoteni wake. Lilikuwa belo zima la mitumba, limefungwa kwa kamba za mama mdogo, na juu yake barua. Aliandika hivi: mwaka juzi nilinunua belo bila kuliona, muuzaji akaniambia ni makoti, kumbe ni makoti ya mvua ya Wazungu, na Dodoma hii nani ananunua koti la mvua, yamekaa chini ya kitanda changu yananitazama tu, basi yavaeni, na kula wali.

Tulilifungua mbele ya ghala. Yalitoka ya njano, ya kijani, ya buluu, mengine marefu mpaka kisigino, mengine yenye kofia. Bwana mganga alipata la njano lenye picha za bata mgongoni. Alilitazama kwa muda, akaligeuza ndani nje, bata wakaonekana vile vile, akalivaa. Mimi nilichukua la kijani lenye vifungo vya mbao. Ndani ya koti la mpira, mchana wa Bahi, jasho lilikuwa linatiririka mpaka kwenye kandambili, lakini maji ya aina yoyote hayakupenya, na jioni tuliyaosha kwa klorini na kuyaanika uani. Ukiyatazama kwa mbali ungedhani kuna harusi.

Wagonjwa waliokuwa wameanza kupata nafuu waliyapenda kuliko dawa. Mzee mmoja, kila bwana mganga akipita, alikuwa anaita bata wake kwa sauti ya mfugaji. Bwana mganga aliitikia. Nilikuwa simjui kama mtu wa utani mpaka alipovaa lile koti.

Hatukumpoteza mfanyakazi hata mmoja. Tulipoteza wagonjwa, wawili wakiwa watoto, na hao sijawasahau, wala sitaki kuwapitia haraka kwa sababu nasimulia mambo ya kuchekesha. Lakini walioingia kambini wakatoka kwa miguu yao walikuwa wengi mno kuliko waliozikwa, na maji yalipoanza kupungua mbugani, vitanda navyo vilianza kubaki vitupu. Vifaa kutoka wilayani vilifika kweli, maboksi sita, glavu, aproni na gambuti, juma ambalo tulikuwa tunamruhusu mgonjwa wa mwisho. Ofisa alikuja navyo mwenyewe. Mhudumu alivihesabu, akavifungia stoo, akauficha ufunguo mahali ambapo mimi na bwana mganga hatukuwahi kupajua.

Mnada wa mifugo ulikuwa umefungwa kipindi chote cha ugonjwa. Ulipofunguliwa tulikwenda sote watatu, tumevaa nguo za nyumbani. Kwa miezi ile watu walikuwa wameacha kupeana mikono, walikuwa wanasalimiana kwa kuinua kiganja wakiwa mbali. Siku hiyo moshi wa nyama ulikuwa umetanda kila mahali, ng'ombe wanapigiwa kelele, na mimi nilikuwa najipenyeza kutafuta kivuli. Mama nisiyemfahamu akanizuia njiani. Akanisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, bila haraka, akaanza kuniuliza habari za nyumbani, za kazi, za mvua, za wazee wangu wa mjini. Nyuma yake alisimama mwingine, na nyuma ya huyo mwingine tena. Nyama tuliyoagiza ilipoa, mhudumu akaila, na mimi niliendelea kutoa mkono mpaka mnada ulipovunjika.