Prof Mbuyi alinifundisha formula ya kobalti stesheni, akisubiri treni ya kufukuzwa

Wakuu, salaam kwenu. Ninayoandika hapa niliyaona kwa macho yangu, sina chumvi ya kuongeza.

Nimekulia Kapata, nje ya Kolwezi, kwenye nyumba za kampuni ya mgodi. Jirani yetu alikuwa Prof Mbuyi, mwalimu wa chemistry.

Mkewe na mama yangu walikuwa wakipelekeana chakula juu ya ua. Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu, kwa hiyo zao zilikuwa kwetu na zetu kwao mwaka mzima.

Mimi chemistry ilinishinda sehemu moja tu: formula za transition metals. Sodiamu ina chaji moja, basi. Shaba leo ina moja, kesho mbili. Kobalti mbili au tatu.

Watoto wa mgodini, madini tunayakanyaga njiani, kuyaandika hatuwezi. Aibu tupu.

Ndipo mambo yakaharibika. Mgodi ukasimama, mishahara ikakatika, na watu wenye asili ya Kasai, mkoa mwingine, wakaanza kufukuzwa. Prof alikuwa mmoja wao, ingawa alizaliwa hapahapa. Familia yake ikalala stesheni kusubiri treni.

Mtihani wangu wa taifa ulikuwa umekaribia. Bila yeye nilijua naanguka.

Baba alitukataza kwenda stesheni, maana vijana walikuwa wakiwapiga hata wanaowasaidia waliofukuzwa. Mama akamjibu, "Bale ni bajirani betu. Batakufa na njala, mi naangalia tu?"

Akafunika bukari, yaani ugali wetu, tukaenda.

Prof hakuuliza habari za nyumba yake. Aliuliza, "Mutoto, ile formula unajua sasa?"

Nikaokota mkaa, nikaandika kwenye sanduku lake oksidi ya kobalti (III): Co3O2.

Akacheka, wakuu. Mtu analala chini na watoto wake, na anacheka kwa upole vile. Nilimpenda sana yule mzee.

"Apana. Ile namba ya kirumi ni chaji ya kobalti: tatu. Oksijeni iko na mbili. Sasa fanya sawa vile bamama banafanya: sahani yako inalala kwa jirani, ya jirani inalala kwako."

Kabla sijafuta, treni ikaingia. Ikawa kusukumana, mizigo juu, watoto juu.

Treni ilipoanza kuondoka nilimwona mlangoni. Nikanyanyua vidole viwili, kisha vitatu. Co2O3. Akanyanyua kidole gumba katikati ya mafurushi.

Mtihani nilifaulu. Leo nami nafundisha chemistry, na habari zake hatukuzipata tena.

Nilichojifunza ni hiki: walimnyang'anya nyumba, kazi na mji, naye bado alikuwa na cha kutoa.

Mwenye kisa cha mwalimu wa namna hii akiweke hapa, nitasoma vyote.

Na kama yupo aliyesoma kwake huko Kasai, amwambie sahani yao ya maua mekundu ingali kabatini kwetu. Yetu iliondoka nao siku ile, na bukari ndani yake.