Hosta za Mistari na Ukuta wa Kanisa

Mwaka 1969, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, baba alifariki, na darasa la tatu likawa ndio mwisho wa shule yangu. Nilianza kubandua maganda ya miti ya miwati kwa malipo ya chakula na nguo kuukuu. Baridi ya Njombe ya mwezi wa sita bila viatu sina haja ya kuieleza. Aliyeipata anaijua, ambaye hakuipata asinibishie. Baadaye nikapakia viazi kwenye malori Makambako, kisha nikalima viazi vyangu mwenyewe, kisha nikafungua kitalu cha miche ya paina na parachichi hapa Mjimwema. Hakuna bwana shamba aliyenifundisha. Nasema hivi mjue kwamba nilipoharibu hosta, yale mapambo ya majani, sikuharibu kwa uvivu. Niliharibu kwa kujua sana.

Hosta nilipewa na sista mmoja wa misheni ya Kikatoliki, siku nilipompelekea miche. Mimi ni Mlutheri, lakini chai yao nakunywa. Nyuma ya nyumba yao, upande usiopata jua, palikuwa na mashina yenye majani mapana, katikati kijani, pembeni meupe kama mtu aliyapaka chokaa kwa brashi ndogo. Nilisimama pale mpaka chai ikapoa. Sista akanichimbia mashina matatu. Akasema yanataka kivuli, unyevu na samadi iliyooza vizuri, basi.

Niliyapanda chini ya miparachichi ya zamani. Baridi ilipoingia yakanyauka yote, nikamlaumu sista kimoyomoyo. Lakini mwezi wa kumi ncha zikachomoza zimejikunja kama sigara za kusokota. Nikazungushia majivu ya jikoni kuzuia konokono. Kila asubuhi nilikwenda kuyaangalia kabla ya kukamua ng'ombe, na mke wangu akawa ananiuliza kama yameamka salama, maana yeye nilikuwa sijamsalimia.

Sasa, kanisa letu lina ubavu wa kusini ambao hauoti kitu. Ni kivuli na matope mwaka mzima. Baraza la wazee lilitaka kumwaga zege pale kabla ya sikukuu ya miaka hamsini ya usharika. Nikasimama. Nikasema ukuta ule nitaupamba kwa majani ya mistari, na sikukuu ikifika bila majani hayo, nivuliwe uzee wa kanisa. Katibu wetu, mwalimu mstaafu, aliandika maneno yangu kwenye daftari, kisha akanisomea polepole, neno kwa neno, kama unavyomsomea mtu wa darasa la tatu. Nikamwambia ndivyo hivyo, apige mstari chini yake.

Nilikuwa na miaka miwili ya kuzalisha mashina. Nikafanya ninavyofanya kwenye viazi: chagua chenye nguvu kiwe mbegu, kibovu kitoke. Kila msimu nilichimbua mashina, nikayagawanya. Katikati yake yalikuwa yanatoka machipukizi ya kijani kitupu, manene, yanakua upesi. Hayo ndiyo niliyoyapanda, nikiamini mistari itakuja yakikomaa. Yale ya mistari yalikuwa membamba, yanakwenda taratibu, nikayaona kama mgonjwa wa familia. Nikamwambia mke wangu ayatupe. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamuuliza yeye amepanda ekari ngapi za viazi maishani mwake. Akayazoa.

Mwaka wa sikukuu, majani yakafunguka mwezi wa kumi na moja. Makubwa kama masinia. Yamenawiri. Kijani kitupu, bustani nzima, hakuna hata mstari mmoja. Katibu alipita kuona kazi inavyoendelea, akainama, akauliza kama hiyo ni mboga ya wageni.

Nikapanda pikipiki mpaka misheni. Sista alinisikiliza, kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mzee wangu," alisema, "sehemu nyeupe haijipikii chakula. Kijani ndicho kinachopika, ndiyo maana kina nguvu. Likitoka chipukizi la kijani kitupu unaling'oa, la sivyo linameza mengine. Wewe umeng'oa mistari ukapanda adui yake."

Alikuwa amebakiza mashina manne tu. Sikuomba. Hata mimi nina haya.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anamenya viazi. Nikamuuliza yale majani niliyomwambia ayatupe aliyatupa wapi.

"Kwa watu," akasema, na kisu hakikusimama.

Alikuwa amewagawia akina mama wenzake wa kwaya, na gunia zima alimpelekea mdogo wake Makambako. Nilitaka kukasirika, nikakumbuka daftari la katibu. Nikaenda nyumba kwa nyumba hapa Mjimwema. Kila mahali hosta zangu zilikuwa chini ya upenu, kwenye makopo ya rangi, zina mistari kama siku ya kwanza. Kila mahali niliketishwa, nikanyweshwa togwa, nikaulizwa habari za viazi, na hakuna aliyenirahisishia. Jioni nilikuwa na mashina tisa na tumbo la kupasuka. Ukuta ule unataka thelathini.

Asubuhi nikapanda basi la Makambako. Shemeji yangu ana mgahawa karibu na soko, na ulimi wake wateja wanaujua kuliko wali wake. Hosta zenyewe alikuwa amezipanda nyuma, kati ya ukuta na tangi la maji, upepo usipofika. Niliziona kabla ya kumsalimia. Zimejaa.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene. Mzee wa kanisa kwangu leo? Amekufa nani?"

"Hajafa mtu. Nimefuata yale majani."

"Yapi? Yale uliyosema hayafai hata kuku?"

Wateja wawili wakaacha vijiko. Nikasema ndiyo, hayo.

"Basi sema ulikosea."

"Nilikosea."

"Hapa Makambako kuna upepo, shemeji. Sisikii."

"Nilikosea. Nilichagua kama viazi."

"Na dada yangu?"

 Tuna ndoa ya zaidi ya miaka arobaini na neno alilolitaka sikuwahi kulitoa.

"Dada yako alikuwa sahihi."

Akanipa jembe. Alinipa mashina ishirini, akabakiza mawili yake, akanifungia na wali wa njiani. Mle ndani ya basi nilikaa na gunia mapajani, na nakiri nilikuwa nacheka peke yangu.

Tulipanda wawili, mimi na mke wangu, siku mbili nzima. Mimi nachimba, yeye anapanga, na safari hii sikumuuliza mambo ya ekari. Lilipungua shina moja, tukaachanisha nafasi, haionekani. Siku ya sikukuu wageni walipiga picha zaidi kwenye ukuta ule kuliko mlangoni. Baraza lilipokaa tena, katibu akafungua daftari aandike kwamba nimetimiza. Nikamwambia aandike jina la mke wangu.

"Nikufute wewe?" akauliza.

"Usinifute. Mweke yeye juu, mimi chini."

Akaandika. Nikamwambia anisomee. Akasoma, na safari hii alisoma haraka.

Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vitano, Mjimwema. Ekari sita za paina. Ekari mbili za parachichi. Kitalu. Ng'ombe wawili wa maziwa na ndama. Pikipiki moja, naiendesha mwenyewe. Kiti cha mzee wa kanisa, bado ni changu. Hosta za mistari mashina ishirini na sita nyumbani, niliyoyagawanya baadaye, mbali na yale ya ukutani. Za kijani kitupu ziko nyuma ya zizi. Anayezitaka aje na gunia lake.